Kiswahili nilichowafundisha wachezaji wangu Birmingham, na kazi niliyoipata kwa kukaa kimya

Wakuu, salamu kutoka Birmingham, huku mvua haina adabu.

Humu ni msomaji wa siku nyingi, mchangiaji wa mara moja moja, na uzi sijawahi kuanzisha. Leo naanzisha kwa sababu kuna jambo nimelibeba na nimechoka kulisimulia kichwani peke yangu. Majina nimebadilisha. Aibu sijabadilisha, hiyo ni yangu kama ilivyo.

Mwenye haraka apite. Hakuna mapenzi humu wala mganga.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe, maana najua mtaniuliza.

Kuna ule mpira wa Wamarekani, wa kuvaa helmet na mabega ya plastiki, na mpira wenyewe umechongoka kama papai changa. Huku Uingereza unachezwa vyuoni. Siyo kitu kikubwa, mashabiki ni wazazi, magirlfriend na mbwa wawili watatu, lakini wanaoucheza wanaupenda kufa.

Kwenye timu kuna mtu anaitwa quarterback, kwa kifupi QB. Yeye ndiye anapokea mpira na kuurusha. Mbele yake wanasimama mabonge watano, kazi yao moja tu: QB asiguswe. Hao ndio offensive line. Mpira hawaushiki. Pointi hawafungi. Wakifanya kazi vizuri mechi nzima hakuna anayewataja, ila akipenya adui mmoja tu akamzoa QB, uwanja mzima unataka kujua nani kamwachia.

Mimi nilikuwa kocha wa hao watano. Miaka minane.

Niliingiaje? Nilikuja huku kusoma masters. Siku ya maonyesho ya vilabu pale chuoni nikapita kwenye meza yao, natafuta kalamu za bure. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga, wakuu, mwili nimepewa bila kuomba. Jamaa wa pale mezani aliniangalia kama mtu aliyekuta Fuso linauzwa kwa bei ya bodaboda. Kabla sijaelewa, jina limeshaandikwa.

Nikacheza misimu mitatu, goti likagoma. Wakaniambia baki ufundishe. Nikabaki, volunteer, bure. Mchana nipo karakana Tyseley nafungua breki za mabehewa ya treni, jioni mara tatu kwa wiki nipo uwanjani nawafokea watoto wa watu, Jumapili mechi. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa anawaambia wageni kwamba nina mke mdogo na anavaa helmet.

Niliipenda ile kazi jamani. Unamchukua kijana wa kilo mia na ishirini asiyejua hata kupanga miguu yake. Unamfundisha ainame, nyonga chini, mgongo unyooke, mikono ndani. Unarudia mpaka unajichukia. Halafu siku moja anamsimamisha mtu palepale, hasogei hata hatua, anageuka kukutafuta kwa macho aone kama umeona. Nilikuwa naendesha gari kurudi nyumbani Northfield nikicheka peke yangu.

Ndoto yangu ilikuwa moja tu, nilipwe kwa kazi hiyo, breki za treni niwaachie wengine.

Sasa Kiswahili kiliingiaje.

Wale watano lazima waongee uwanjani. Wewe chukua huyu, mimi yule. Shida ni kwamba adui naye anasikia Kiingereza. Timu nyingi zinatumia maneno ya siri, majina ya wanyama, majina ya miji, na wanayabadilisha kila mara.

Mimi nikajiona mjanja. Nikasema ya nini kuhangaika na siri wakati nina lugha nzima? Nikawafundisha Kiswahili cha wazi kabisa. Maneno yalikuwa machache, ila mawili ndiyo muhimu. "Baki", yaani kaa na mtu wako. "Pishana", yaani maadui wawili wanakatizana mbele yetu, kwa hiyo na sisi tubadilishane, wangu mchukue wewe, wako nimchukue mimi.

Wakuu, kumsikia mzungu wa watu anapiga kelele "PISHANAAA" huku mvua inamwingia mdomoni! Nilijiona balozi.

Gareth, head coach wetu, alinishauri mwanzoni mwa msimu tuwe na namba pembeni kama akiba, ikitokea mtu akatushtukia tuhamie huko. Tukazifanyia mazoezi, vijana wakazijua. Mimi moyoni nikawa nasema atushtukie nani.

Hapo ndipo akili yangu ilipolala. Mnaoishi huku mnajua. Birmingham hii huwezi kumsema mtu kwa Kiswahili kwenye basi. Mkongo yupo nyuma yako, Mkenya yupo mbele, na yule dada wa Kisomali mwenye simu amekulia Nairobi, anakusikia neno kwa neno. Mke wangu mwenyewe huwa namkanya. Lakini uwanjani nikajiambia hawa ni wazungu, tupo wenyewe.

Nije kwa Josh.

Nafasi ngumu kuliko zote kwenye line ni ya mwisho kushoto, kwa sababu QB akitaka kurusha anaupa upande ule mgongo. Anayetoka huko hamuoni. Pale nilimweka Josh, kijana wa Kikenya, mwaka wa pili chuoni, kazaliwa hapahapa, kwao Hodge Hill, mama yake nurse. Mrefu, mpole kupita kiasi, akimwangusha mtu anamwomba radhi. Kiswahili anakielewa chote ila anajibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote wa huku. Uwanjani ananiita Coach, nje ya uwanja Uncle, na kwa mtoto aliyelelewa vizuri, Uncle habishiwi.

Hilo nililipenda. Niseme ukweli, nililitumia pia.

Msimu huo tukashinda mpaka semi-final. Wiki ile Gareth akaniita ofisini. Akaniambia chuo kimetoa nafasi ya kocha msaidizi, ya kudumu, yenye mkataba. Interview Alhamisi baada ya semi-final, na yeye amenipendekeza mimi.

Nililia kwenye gari. Mwanaume mzima, na sioni haya kusema.

Semi-final ikawa Jumapili, tukacheza na timu iliyotoka kaskazini. Mtu aliyepangwa uso kwa uso na Josh alikuwa mweusi, mkubwa, jezi namba 91.

Kipindi cha kwanza tuliteseka. Josh na mwenzie wakiitana "pishana", 91 habadilishi upande. Wakiitana "baki", anakatiza. Kila mara kinyume. QB wetu, Ollie, alikuwa anakimbizwa kama kuku siku ya Krismasi.

Half-time nipo kwenye meza ya maji, Josh akanifuata peke yake. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Coach, ninety-one understands us. I said pishana and he smiled. Can we go to the numbers?"

Yaani jamaa anatuelewa, tuhamie kwenye namba.

Na mimi nilikuwa nimeshaanza kuhisi hivyohivyo, wakuu. Lakini Gareth alikuwa amesimama hatua kumi pale anatuangalia. Kuhamia kwenye namba ilikuwa ni kukiri mbele yake kwamba ule mfumo ninaojisifia umebumburuka, siku nne kabla ya interview.

Nikamjibu, "Josh, acha visingizio. Huyo amekuzidi nguvu, basi. Mkubwa akikwambia fanya hivi, unafanya."

"Yes, Coach." Akainamisha kichwa akarudi kwa wenzake.

Robo ya tatu. 91 akaanza kama anakatiza kwenda ndani. Josh akaita "Pishana!" kama nilivyomfundisha, akamwachia, akageukia mtu wa pili. 91 alikuwa anasubiri neno hilo tu. Akarudi nje, na mbele yake hakuna mtu. Ollie alikuwa amempa mgongo, mkono uko juu, anataka kurusha.

Mlio niliousikia siuelezei. Mfupa wa bega, ule wa mbele, ulivunjika vipande. Mama yake Ollie alikuwa pembeni ya uwanja, akaja mbio kwenye tope na viatu vyake vya heshima. Ambulance ikaja.

Mechi tulifungwa, ila hakuna aliyekuwa anahesabu tena.

Mwisho timu zinapeana mikono. 91 akanifikia, helmet kwapani, uso umemshuka.

"Muzee, pole ya ule mutoto. Mi ni mutu wa Bukavu. Minasikia yote munasema tangu mwanzo. Nilifikiri munajua."

Nilifikiri munajua! Nikabaki nimemshika mkono.

Subirini kidogo, naandika nikiwa kazini na supervisor anapita.

Naendelea.

Jumatatu kila wiki tunakaa chumba cha video tunaangalia mechi. Video yetu haina sauti. Gareth akaisimamisha palepale. Ukiangalia picha bila sauti, unamwona Josh anamwachia mtu wake bila sababu yoyote.

Gareth akauliza nani aliita.

Josh akajibu, "Me. I called it. My fault."

Gareth akanigeukia. "Una la kuongeza?"

Wakuu, nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Aliniambia half-time nikakataa. Basi, haizidi hapo. Badala yake nikasema tutalifanyia kazi mazoezini, kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa. Nikajiambia nitasema, ila baada ya Alhamisi.

Josh hakuniangalia.

Kwenye group la WhatsApp wenzake wakamgeuka. Mmoja akaandika kwamba Ollie anapasuliwa bega kwa sababu kuna mtu hajui kazi yake. Niliisoma ile message nikiwa nakunywa chai kazini. Sikuandika kitu. Jumatano Josh akatoka kwenye group, na mazoezini hakuonekana.

Alhamisi nikaenda interview. Wakaniuliza, mchezaji wako akifanya kosa kubwa unafanyaje? Nikajibu kwamba kocha anatakiwa kuipokea lawama yeye kabla haijamfikia mchezaji. Wasaili wote watatu wakaandika. Yaani hata leo nikikumbuka natamani ardhi inimeze.

Ijumaa Gareth akapiga simu. Umepata.

Mama Neema akapika pilau. Sahani sikumaliza, nikasingizia tumbo.

Jumamosi asubuhi simu ikaita, Mama Josh. Mama yule kanisani kwao ni mtu wa kuheshimika, na kwangu alikuwa kama dada.

"Coach, habari ya masiku. Si unisamehe kukusumbua. Huyu kijana amekataa kukula vizuri, na saa hii anasema ataacha mpira. Naogopa hata masomo ataacha. Si ukuje uongee na yeye? Wewe ndiye anakusikizanga."

Nikaenda Hodge Hill. Akanikaribisha sebuleni, chai, chapati za moto. Akakaa akafunga mikono.

"Mimi hiyo mpira yenu siielewi," akasema. "Lakini nilimwambia, Josh, si umpigie Coach akusaidie? Akakataa kabisa. Ati Uncle ako na interview, tusimsumbue mpaka apate. Kwani ulipata?"

"Nilipata, mama."

"Eh, Mungu ni mwema! Mimi nimekuombea hiyo kazi kila siku wiki hii yote, juu ya vile unachunga huyu mtoto."

Nilikunywa chai ya moto mpaka nikaungua ulimi ili nisiongee.

Josh akashuka, mama yake akatuachia sebule. Kijana alikuwa amekonda usoni. Nikamuuliza, kwa nini Jumatatu hukusema kwamba uliniambia?

"You said no excuses."

Nikamwambia, Josh, wewe ulikuwa sahihi. Yule jamaa anajua Kiswahili, aliniambia mwenyewe mechi ilipoisha.

"I know, Uncle. I saw him talking to you."

Wakuu, mnaelewa? Kumbe Jumatatu kwenye chumba cha video alikuwa anajua kwamba ninajua. Akaona nimenyamaza. Na yeye akanyamaza, akabeba mzigo wangu mbele ya watu wote, ili Alhamisi nikae mbele ya wale watu watatu nikiwa msafi.

Angenitukana ingekuwa nafuu. Nikamwambia nisamehe. Akasema "It's fine", na ilionekana wazi kwamba siyo fine.

Nyumbani nikamweleza Mama Neema yote. Nikazungusha maneno pale, kazi zenyewe hazipatikani, mtoto atasahau, Ollie atapona. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Neema, unataka nikwambie unyamaze? Mimi hilo sikwambii. Katafute mwingine wa kukwambia."

Akaingia kukunja nguo.

Jumatatu nikamwomba Josh aje chumba cha video kwa mara ya mwisho. Akaja, akakaa karibu na mlango. Ollie naye alikuwepo, mkono umefungwa shingoni. Nikasimama kabla Gareth hajawasha kitu. Nikasema Josh aliniomba half-time tubadilishe maneno, nikakataa kwa sababu ya kiburi. Nikasema 91 alinithibitishia. Nikasema Jumatatu iliyopita nilikaa kwenye kiti hikihiki nikamwacha mwenzenu abebe.

Nikakaa.

Ollie akauliza swali moja, "You knew at half-time?"

"Yes."

Akainuka akatoka. Sikumlaumu. Yule aliyeandika kwenye group akahamisha kiti chake akaenda kukaa karibu na Josh.

Gareth akanitoa nje kwenye korido. Hakufoka. Alisema mkataba hawezi kunipa, atawaeleza ofisini mwenyewe. Alisema alinipendekeza kwa sababu aliamini nikiona tatizo nitamwambia. Akaniomba nisije uwanjani kwa muda.

Iliniuma, tena sana. Sitajifanya malaika hapa: njia nzima nilimlaani Gareth, nikamlaani na yule Mkongo wa watu. Nilipoegesha gari Northfield laana zikawa zimeisha, nimebaki mimi na usukani.

Kwa Mama Josh nilikwenda mwenyewe, sikutaka aambiwe na mtu. Nilimweleza nikiwa nimesimama.

"Kwa hivyo mtoto wangu amelia wiki nzima juu yako."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikiwa hapa nakuombea."

Akanifungulia mlango. Siku hizi tukikutana dukani ananisalimia vizuri tu, ananiulizia watoto, kisha anaendelea na manunuzi yake. Kwake sijakanyaga tena.

Miezi ikapita nikiwa Tyseley na breki zangu. Ollie bega lilipona, ila hakurudi uwanjani.

Mwanzo wa msimu huu nikapata message. Wale vijana watano walikuwa wamekubaliana nirudi, volunteer kama zamani, na Gareth amekubali. Sharti moja: maneno ya uwanjani anaamua Josh. Ndiye captain wao sasa. Wanatumia namba na wanazibadilisha kila wiki.

Nikarudi. Siku ya kwanza ya mazoezi nikawa nawaonyesha namna ya kumzuia mtu anayekuja kwa kasi kutoka nje. Nilikuwa nimenogewa kweli. Katikati ya maelezo Josh akasema mbele ya watu wote, "No, Coach. That's wrong. He'll get round us."

Damu ilinipanda mpaka masikioni, sidanganyi. Neno "visingizio" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Vijana wote wakanitazama.

Nikalimeza. Nikasema, "Haya, njoo utuonyeshe."

Akaonyesha. Alikuwa sahihi, na mimi nikaenda kushika ubao wa mazoezi kama mwanafunzi.

Nilichojifunza ni hiki. Tunawafundisha vijana wasitubishie, tunajisifu kwamba wana adabu, halafu siku tukikosea hakuna wa kutuambia. Na huyo mmoja atakayejitokeza tunamwambia ana visingizio. Sisemi watoto watuvunjie heshima. Nasema mimi nilikuwa naitumia heshima ya yule kijana kujificha, na Ollie ndiye aliyelipa kwa bega lake.

Kazi ile walimpa mtu mwingine, na anaifanya vizuri. Bado naitamani. Nikimwona na lile koti la chuo roho inauma, sitawadanganya.

Sasa nyie mlio na watu chini yenu, kazini, nyumbani, kanisani: mara ya mwisho mdogo wako alikwambia umekosea lini, na ulimjibuje? Na wale mnaotaka kusema mimi ni mshenzi, semeni tu wakuu. Safari hii nasikiliza.